Mafuta ya karafuu kwenye pumba za ng'ombe: namna ya kuyatumia bila kuharibu rumeni

Nianze na kosa langu mwenyewe ili usilirudie. Mara ya kwanza kumwekea ng'ombe mafuta ya karafuu nilipima kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja juu ya pumba za asubuhi, nikachanganya kwa mkono mtupu (mkono uliwaka moto mpaka jioni), nikamwaga kwenye hori nikasimama pembeni kusubiri maajabu ya maziwa kuongezeka. Ng'ombe akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma, akaniangalia. Hakula. Jioni akala nusu. Kutoka lita 14 akashuka 11, siku ya tatu 9, na mimi nikawa nazunguka mtaani nawaambia watu haya mambo ya mafuta ya mimea ni utapeli mtupu. Kumbe tatizo ni kifuniko. Kile kifuniko kinabeba kama mililita 5, yaani nilimpa mara tano ya dozi ya siku nzima, tena kwa mpigo mmoja, mafuta ghafi yamekaa juu juu hayajachanganyika na chochote.

Sasa hivi nimetulia, nimesoma, nimepima kwa mizani, na kuna ng'ombe wanaokula karafuu zizini kwangu bila kugoma. Nafuga Muheza, chotara wa Friesian wanne, na kwetu karafuu, mdalasini na pilipili manga zinashuka kutoka milima ya Amani kwahiyo mifano yangu mingi itakuwa ya karafuu. Wewe wa Pemba ndo usiseme, uko kwenye chimbuko lenyewe.

Kwanza uelewe unachezea nini. Ng'ombe ukimpa majani anawapa wadudu kwanza, wale wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi tumboni mwake, wadudu wakishayala ndo na yeye anapata chake. Rumeni, lile tumbo kubwa upande wa kushoto ambalo kwenye supu tunaliita taulo, ni pipa la kuchachushia. Ng'ombe wa kilo 400 anabeba humo lita 60 hivi za majimaji na majani, joto kama nyuzi 39, oksijeni karibu hakuna, na kila mililita ina mabilioni ya bakteria, ukiacha protozoa na kuvu, halafu kuna kundi jingine la vijidudu wanaitwa akea, hawa ndo watengenezaji wa gesi ya metheni.

Kazi ya hao wote ni kugeuza nyasi kuwa asidi. Zipo tatu za kukumbuka. Asetiki inatokana zaidi na majani na ndo inayotengeneza mafuta ya maziwa, ile krimu ya juu. Propioniki inatokana zaidi na nafaka na pumba, inaenda kwenye ini inageuzwa kuwa sukari, na sukari hiyo ndo inayovuta wingi wa maziwa kwenye kiwele. Ya tatu butiriki, tuiache. Sasa wakati asetiki inatengenezwa inabaki hidrojeni imezagaa, wale akea wanaidaka, wanaichanganya na hewa ya ukaa, inakuwa metheni, na ng'ombe anaicheua nje kama mbweu, ng'ombe mkubwa anaweza kutoa lita 250 hadi 500 kwa siku. Kati ya asilimia 2 na 12 ya nishati yote uliyomlisha inaondoka kwa njia hiyo. Yaani kwenye kila gunia la chakula kuna makopo kadhaa umenunua kwa hela yako na yameishia hewani.

Upotevu wa pili ni wa protini. Kuna bakteria wachache sana kwa idadi lakini wakali mno, wao wanakamata protini wanaivunja mpaka inakuwa amonia. Amonia kidogo inahitajika maana bakteria wengine wanajengea miili yao, ila ikizidi inaingia kwenye damu, ini linaigeuza kuwa urea, inatoka kwa mkojo. Umenunua mashudu ya alizeti bei mbaya halafu yanakojolewa.

Mafuta ya kunukia yanaingilia hapo hapo pawili. Kwa asili ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu na kuvu, na kwa sababu ni mafuta yanapenda kujichomeka kwenye ngozi ya bakteria, ngozi inaanza kuvuja, bakteria anatumia nguvu zake zote kuziba matundu badala ya kuzaliana. Wenye ngozi ya pili kwa nje wanavumilia zaidi, wasiokuwa nayo wanaumia mapema, na kati ya hao wanaoumia mapema wamo wale wakali wa amonia na wengi wa wanaozalisha hidrojeni. Ukipata kipimo sahihi metheni inapungua kidogo, protini nyingi zaidi inapita salama kwenda mbele, propioniki inapanda kidogo. Ukizidisha unaua mpaka wale wanaosaga majani, na hapo umebaki na ng'ombe mwenye pipa lisilochacha.

Zamani, na nchi nyingine mpaka leo, kazi hii inafanywa na monensini, antibiotiki inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo. Umoja wa Ulaya walipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006 na hapo ndo watafiti wengi wakageukia karafuu, thaimu, oregano, mdalasini na vitunguu swaumu. (Kwa njia, kama una punda nyumbani na umeletewa chakula cha ng'ombe chenye monensini, kiweke mbali naye kabisa, punda na farasi inawaua kwa kiasi kidogo tu.)

Sasa kipimo, na hapa naomba usome taratibu maana ndo penye mgogoro wote. Ukiingia intaneti utakutana na matokeo mazuri mno, metheni imeshuka, amonia imeshuka, unaona kama umeokota dhahabu. Angalia vizuri, mengi ni ya chupa za maabara, wamechota maji ya rumeni wameyaweka kwenye chupa yenye joto wakadondoshea mafuta. Vipimo vyao vinaenda miligramu 3 kwa lita, 30, 300, mpaka 3,000. Kwenye 3 hakuna cha maana kinachoonekana. Kwenye 3,000 karibu mafuta yote yanashusha asidi zote kwa pamoja, maana yake uchachushaji wenyewe umekufa. Mazuri mengi yanatokea kwenye yale mamia ya katikati.

Haya chukua kalamu. Miligramu 300 kwa lita, mara lita 60 za ng'ombe wako, unapata miligramu 18,000, yaani gramu 18 za mafuta safi kila siku. Bei yake itakutoa jasho, na hata ukiwa na hela ng'ombe hatakula, harufu peke yake itamfukuza, mimi wangu alikataa gramu 5. Halafu chupa ya maabara imefungwa, rumeni haijafungwa, maji yanaingia na kutoka mchana kutwa na mafuta mengine yanaondoka nayo.

Ndo maana bidhaa za viwandani hazifuati chupa. Ile inayojulikana sana, Agolin Ruminant ya Uswisi, mchanganyiko wa mafuta ya mbegu za giligilani, yujenoli (kiini kikuu cha karafuu) na kiambato kingine cha kunukia kinachoitwa jeranili asetati, dozi yake ni gramu 1 kwa ng'ombe kwa siku. Gramu moja tu! Kwenye lita 60 hiyo ni kama miligramu 17 kwa lita. Uchambuzi uliochapishwa 2020 ukikusanya majaribio mengi ya bidhaa hiyo ulikuta kwamba ng'ombe waliopewa zaidi ya wiki 4 maziwa yaliongezeka kama asilimia 4 na metheni kwa siku ikashuka karibu asilimia 9, ila waliopewa chini ya wiki 4 hakukuwa na cha kusimulia. Kariri hizo wiki 4, tutazirudia.

Kwahiyo mimi naishi kwenye hiyo gramu 1. Sisemi mafuta yetu ya karafuu ni sawa na mchanganyiko wao, sio sawa, ila gramu 1 kwa ng'ombe wa kilo 400 ni kiasi anachokula bila kugoma na ambacho hata ukikosea kidogo hujamwumiza. Atakayekwambia weka vijiko viwili mwombe akuoneshe mizani yake.

Kuna jambo jingine watu hawalisemi, asidi ya rumeni yenyewe inabadilisha nguvu ya mafuta. Rumeni ya ng'ombe wa majani pH yake (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi ni kali zaidi) inakaa 6.5 na kuelekea 7, ya ng'ombe anayekula pumba na mahindi mengi inaweza kushuka mpaka 5.5. Mafuta yale yale, dozi ile ile, yanapiga tofauti kwenye hali hizo mbili, na mengi yanapiga kwa nguvu zaidi asidi ikiwa kali. Maana yake ukiongeza pumba usiongeze na mafuta. Watu wanapenda kuongeza vyote kwa pamoja kama wanapika pilau.

Nani asitumie kabisa? Ng'ombe wa kiangazi anayekula mabua ya mahindi na majani makavu basi. Huyo hana amonia ya kupunguza. Bakteria wanaosaga majani wanahitaji angalau miligramu 50 hivi za nitrojeni ya amonia kwa kila lita ya maji ya rumeni, na ng'ombe wa mabua matupu mara nyingi hafiki hapo, sasa wewe unakuja na karafuu kupunguza ile kidogo iliyopo, mabua yatamlalia tumboni hayasagiki na hamu ya kula itaisha. Huyo mtafutie lusina, gilirisidia, majani ya viazi vitamu, mashudu, chochote chenye protini, na maji ya kutosha. Mafuta baadaye. Kusema ukweli wafugaji wengi wanaoniuliza habari za karafuu shida yao ni maji, ng'ombe anakunywa ndoo mbili kwa siku halafu mtu anataka teknolojia.

Ndama ambaye hajaanza kucheua vizuri, chini ya miezi mitatu, asipewe. Mgonjwa aliyeacha kula asipewe. Aliyezaa juzi mimi namwacha mpaka nione anakula hori zima bila kubembelezwa, na mwenye mimba ya mwezi wa mwisho pia namwacha, sitaki kumchanganyia mambo. Na haya sio dawa ya tumbo kujaa gesi, ng'ombe akivimba kushoto ita daktari wa mifugo usianze kudondosha karafuu.

Anayefaa ni ng'ombe anayekamuliwa, kuanzia lita 10 na zaidi, anapata majani ya kutosha na pumba na mashudu, yuko sawa, unataka tu kumsogeza kidogo. Kidogo, nimesema.

Mafuta gani sasa. Karafuu ndo chaguo langu la kwanza kwa sababu zinapatikana na kwa sababu yujenoli imefanyiwa kazi nyingi kwenye rumeni. Mafuta ya matumba ya karafuu yana yujenoli asilimia 70 hadi 90. Yapo pia mafuta ya makonyo, vile vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu, na Pemba pale Wawi kuna kiwanda cha kukamulia mafuta hayo, nayo yana yujenoli nyingi tu na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya matumba.

Mdalasini una mtego. Mafuta ya gome na mafuta ya majani ni vitu viwili tofauti, ya gome yamejaa sinamaldehaidi ambayo ni kali na ng'ombe wengine hawaitaki, ya majani yamejaa yujenoli kama karafuu. Chupa zote zinaandikwa mafuta ya mdalasini. Kama lebo haisemi ni sehemu gani ya mti, iache dukani.

Vitunguu swaumu kwenye chupa za maabara vinapiga metheni vizuri, ila kwa ng'ombe hai matokeo yanayumba, na maziwa yananuka. Yananuka kweli, mnunuzi atakurudishia ndoo mlangoni na chai ya nyumbani itawashinda watoto. Kama ng'ombe hukamui, ni dume la kunenepesha, hapo sawa jaribu. Mchaichai ni rahisi kuotesha na hata majani yake yakiwa mabichi unaweza kukatia kwenye majani ya kawaida, ila nguvu yake inabadilika sana kwa msimu na jinsi ulivyoukausha kwahiyo kuhesabu dozi ni kubahatisha. Mkaratusi mimi sigusi.

Ukinunua mafuta ya karafuu ujue madukani mengi ni mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu. Kwa kuchua mgongo yanafaa, kwa kazi hii hujanunua kitu. Kipimo changu ni glasi ya maji: dondosha matone matano, koroga, acha yatulie. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama chini kama vishanga. Yakielea yote juu ni nazi au alizeti imepakwa manukato. Nilishawahi kununua chupa yenye picha nzuri ya karafuu, bei ya kutisha, nikafika nyumbani ikaelea yote kama supu.

Yakiwa halisi yaheshimu. Yanaunguza ngozi, jichoni usiombe, yanashika moto, na yanakula baadhi ya plastiki, nilipima kwenye kikombe cha plastiki ngumu ile ya kung'aa kikalainika mkononi. Tumia chupa ya kioo. Sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano ni nzuri kupimia ila usiyaachie ndani, mpira wake utavimba. Paka pia weka mbali, miili yao haiwezi kuivunja yujenoli vizuri. Na kama huamini nguvu yake, wafugaji wa samaki huwa wanadondosha mafuta ya karafuu kwenye maji ili samaki walale wasisumbue wakati wa kuwapima.

Kuchanganya. Lengo ni kwamba mafuta yasifike kwa ng'ombe yakiwa peke yake hata tone. Mimi natengeneza ya ng'ombe mmoja kwa siku 10, au wawili kwa siku 5. Gramu 10 za mafuta ya karafuu, hiyo ni chini kidogo tu ya mililita 10, unamimina kwenye mililita 50 za mafuta ya kula ya alizeti, tikisa mpaka yawe kitu kimoja. Halafu chota pumba laini za mahindi kama robo kilo, vaa glavu, mimina kidogo kidogo huku unasugua pumba kwenye viganja kama unavyofikicha unga wa maandazi na siagi, mpaka usione bonge lolote. Ndo uongeze pumba mpaka zifike kilo 1, changanya tena, geuza tena, ukidhani zimechanganyika geuza mara nyingine. Gramu 100 za mchanganyiko huo zina gramu 1 ya mafuta. Pima gramu 100 mara moja kwa mizani ya jikoni, mimina kwenye kopo, chora mstari, kuanzia hapo unachota kwa mstari.

Ukishapata huo mchanganyiko hifadhi kwenye bati au chupa yenye kifuniko kinachobana, kivulini. Usitengeneze wa mwezi mzima, haya mafuta yanaruka na hewa, ukiacha kwenye ndoo wazi wiki mbili banda zima linanukia pilau na ng'ombe anakula pumba tupu. Na usichanganye kwenye chakula cha moto, kuna watu wanapika pumba au wanamwagia maji ya moto, weka mafuta mwisho ikishapoa.

Njia ya mkato ambayo kwa anayeanza naipenda kuliko hata mafuta ni karafuu zenyewe za kusaga. Karafuu kavu nzuri ina mafuta asilimia 15 mpaka 20, kwahiyo gramu 6 za unga wake zinabeba kama gramu 1 ya mafuta. Kilo moja ya karafuu inakwenda zaidi ya siku 150 kwa ng'ombe mmoja. Huwezi kuzidisha kirahisi, mafuta yanatoka polepole maana yamefungwa ndani ya unga, na hakuna wa kukuuzia nazi. Saga za wiki tu, kidogo kidogo, mashine ikipata moto unanukisha jirani badala ya kulisha ng'ombe. Makonyo pia yanasagwa ila mafuta yake ni asilimia 5 au 6, kwahiyo utahitaji kama gramu 20. Ubaya wa unga ni kwamba hujui karafuu yako ni ya asilimia ngapi, za zamani zilizokaa stoo zinapungua. Ibonyeze kwa kucha, isipotoa unyevu wa mafuta imechoka.

Kumzoesha: wiki ya kwanza nusu dozi, yaani gramu 50 za ule mchanganyiko, umegawa asubuhi na jioni ndani ya pumba zake za kawaida, ukiongeza molasi kidogo siku mbili tatu za mwanzo sio mbaya. Wiki ya pili dozi kamili, bado imegawanywa mara mbili. Mpe baada ya kukamua na sio kabla, harufu inapita kwenye pumzi na damu mpaka kwenye maziwa na muda mrefu kati ya kula na kukamua unasaidia. Kila siku, bila kuruka. Hii ya leo nimempa kesho nimesahau haifanyi kazi, wadudu wa rumeni wanahitaji shinikizo lile lile kila siku ndo mpangilio wao ubadilike.

Usimnyweshe kwa chupa. Ikienda njia ya mapafu umempoteza, na hata ikienda sawa inamwunguza koo.

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu anairuka ni kupima kama inafanya kazi. Kabla hujaanza andika maziwa ya kila siku kwa wiki mbili, asubuhi na jioni, daftarini sio kichwani. Andika na chakula alichobakiza. Halafu anza, nenda wiki 4 kamili usihukumu kitu, hesabu kuanzia ya tano na ya sita. Kisha acha wiki tatu uone kama yanarudi chini, kisha rudisha. Nasema hivo kwa sababu ng'ombe anabadilika mwenyewe, mvua zikinyesha majani yakaota lita zinapanda hata ukimpa maji ya mchele, na mtu atasema ni karafuu. Kama una ng'ombe wawili waliozaa karibu karibu mpe mmoja mwingine asipewe, kisha wabadilishane, hiyo ni bora zaidi.

Kuna jambo la kukukatisha tamaa kidogo, wadudu wanazoea. Kwenye mitambo ya maabara inayoiga rumeni imeshaonekana athari kwenye asidi zinafifia baada ya siku sita hivi, wadudu wamejipanga upya. Kwa ng'ombe hai ndo maana matokeo ya wiki ya kwanza hayana maana, yawe mazuri au mabaya. Kuna wanaoshauri kubadilisha aina ya mafuta kila baada ya muda. Mimi nimejaribu kubadilisha karafuu na majani ya mdalasini kisha nikakumbuka vyote ni yujenoli, nikacheka peke yangu bandani.

Mwili wa ng'ombe wenyewe unasema mengi kuliko lita. Ng'ombe waliolala kupumzika, angalau nusu yao wawe wanacheua. Hesabu mtafuno, kila tonge analocheua anatakiwa atafune mara 50 hadi 70 kabla ya kumeza, akishuka 40 kuna kitu. Weka ngumi kwenye lile bonde la kushoto nyuma ya mbavu, bonyeza kidogo, subiri, utasikia rumeni inajisukuma mara moja mpaka mbili kwa dakika, ikiwa kimya dakika mbili tatu acha karafuu siku hiyo hiyo. Bonde lenyewe likiwa limebonyea kama bakuli jioni baada ya kula maana yake hakula. Kinyesi kikiwa na vipande virefu vya majani visivyosagika, umeua wasagaji, punguza dozi nusu au acha. Kikiwa cha majimaji chenye mapovu, angalia pumba zako kabla hujalaumu mafuta. Na kama kituo chako cha maziwa wanapima mafuta ya maziwa, omba namba, Friesian chotara akishuka chini ya 3 kwa mia rumeni ina asidi nyingi na hilo mafuta ya karafuu hayatalitibu, ongeza majani.

Mbuzi wa maziwa, wa kilo 40, rumeni yake ni lita chache, tano mpaka kumi. Dozi yake ni sehemu ya kumi ya ng'ombe na gramu 0.1 ya mafuta hakuna mizani ya jikoni inayoipima, kwahiyo kwa mbuzi tumia unga wa karafuu tu, nusu gramu kwenda juu taratibu mpaka gramu moja na sio kuvuka hapo. Mbuzi wana faida moja, wamezoea vichaka vyenye harufu, hawagomi kama ng'ombe.

Hela. Chukua ng'ombe wa lita 15, mpe ile asilimia 4 ya majaribio ya wenzetu ambao ng'ombe wao wanalishwa vizuri kuliko wa kwetu, unapata kama nusu lita na kidogo kwa siku. Hiyo ndo zawadi yako nzima. Sasa gawa bei ya chupa ya mafuta kwa gramu zake, au bei ya kilo ya karafuu kwa 150, ongeza mafuta ya alizeti kama ndo umetumia, linganisha na bei ya nusu lita ya maziwa kwenu. Kwa unga wa karafuu za kununua mlimani kwangu inalipa, inabaki kidogo. Kwa chupa ndogo ndogo za dukani zile za mililita 10 hailipi hata siku moja, chupa nzima inaisha kwa siku 10 tu halafu unasubiri nusu lita kwa siku. Na kama ng'ombe wako ni wa lita 6, asilimia 4 ni robo lita, hiyo hela nunua mashudu.

Wangu wawili wanaendelea na karafuu, mmoja nilimtoa kwa sababu daftari halikuonesha tofauti yoyote kwa wiki tisa, na yule wa kifuniko cha chupa mpaka leo nikimsogelea na glavu mkononi anageuza kichwa.